Ngazi ya Matairi

Kifaa kilitolewa kwanza katika kanga safi, kisha katika mfuko wa nailoni, kisha katika karatasi laini ya dukani. Devota aliifanya kazi hiyo taratibu, mbele ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu zao, kwa uangalifu wa mtu anayefunua vyombo vya Meza ya Bwana. Alipomaliza alikilaza juu ya kitanda: vyuma viwili vyembamba vyenye bawaba katikati, sponji nyeusi, na mikanda ya kunata ya kukazia paja na muundi. Hakikuwa na doa. Hata harufu ya dukani haikuwa imekitoka.

Lupakisyo, mtaalamu mwenyewe, alikuwa kijana wa Tukuyu mwenye mikono mipana na subira fupi. Alikigeuza kifaa huku na huku, akakinusa, kisha akamtazama mgonjwa aliyeketi juu ya kitanda, mguu wake wa kulia umenyooka mbele yake kama mpini.

"Mama, hiki mmekinunua jana?"

"Hapana, mwanangu," Mama Raheli alijibu. "Kina muda. Tangu niliposhonwa."

"Tumekitunza, Daktari," Devota aliongeza, na fahari ilisikika wazi katika sauti yake.

"Naona. Huwa anakivaa wakati gani?"

"Jumapili, akienda ibada. Na siku za kuja huku Kilosa. Leo tulimvua ndani ya basi, maana njia nzima kutoka Mikumi ilikuwa vumbi."

Mzee mmoja kwenye benchi, aliyefungwa hogo la plasta mkononi, alicheka mpaka ikabidi jirani yake amshike. Kasian, mwana wa Mama Raheli na mume wa Devota, aliinamisha uso. Ni yeye aliyekinunua kifaa kile mjini Morogoro, kwa fedha alizokuwa ameziweka ili apate mashine mpya ya kujazia upepo, kwa kuwa kazi yake ni kuziba matairi ya malori kando ya barabara kuu pale Mikumi. Kitu kilichomkosesha mtu mashine yake hakiachwi kikaburuzwa uani na kurukiwa na kuku. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hakuona kosa lilikuwa wapi.

Lupakisyo hakucheka. Alivuta pazia, akaweka mkono mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo cha mguu.

"Samahani, Mama, nakushika."

"Shika tu. Tangu nianguke nimeshikwa na watu wengi. Aibu niliiacha kule kule mlimani Vidunda, pamoja na mzigo wangu wa kuni."

Aliupinda mguu. Goti lilikwenda kidogo, likagoma. Mama Raheli aliuma upindo wa kanga yake. Lupakisyo alijaribu tena, na goti likagoma palepale palipoandikwa kwenye kadi ya ziara iliyotangulia. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri; picha ilionyesha hivyo, na bamba lililowekwa na madaktari wa upasuaji lilikaa mahali pake. Kilichokuwa kikifa ni goti lenyewe, kwa kukosa kazi.

"Nani anakutekea maji ya kuoga?"

"Mkwe wangu."

"Anakupelekea bafuni?"

"Ananiletea karai chumbani."

"Na chooni unakwendaje?"

Mama Raheli alitazama ukuta. "Kuna ndoo."

"Chakula?"

"Naletewa kitandani. Naoshwa mikono. Huyu mtoto hana mfano. Hata kule kwetu mlimani wanamsifu."

Nyuma ya pazia, Devota alilisikia kila neno, akakiweka sawa kitenge chake.

Lupakisyo alifungua pazia ili wote watatu wamsikie, na bila kukusudia akasikika na benchi lote. "Mama huyu hakulemazwa na mlima," alisema. "Mnamlemaza ninyi, kwa heshima zenu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Devota alihisi uso wake ukiwaka kama mtu aliyepigwa kofi na mpita njia. Aliolewa akitokea Kisanga, bondeni, na tangu siku ya kwanza alisikia kwamba wanawake wa tambarare ni wavivu na wana mikono laini. Miaka yote ya ndoa yake aliitumia kulifuta neno hilo. Sasa kijana asiyemjua alikuwa amelichukua jambo pekee ambalo watu walimsifia, akaliita ulemavu.

Mtaalamu aliendelea. Kifaa kivaliwe tangu mgonjwa anapoamka mpaka anapolala. Kimetengenezwa ili kichakae. Kazi yake ni kulizuia goti lisiende upande, ili lipate uhuru wa kwenda mbele na nyuma. Ateke maji mwenyewe. Afagie. Apande ngazi na kushuka kila siku, hata kama atalia.

"Nyumba yetu haina ngazi, Daktari," alisema Kasian. "Mikumi ni tambarare."

"Itengenezeni."

Mama Raheli alikuwa ameshusha mguu wake na kuutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mwanangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "nitapanda Vidunda kabla ya maharage?"

"Kwa goti hili, Mama, hutapanda hata kitanda kirefu. Likipinda kufikia pembe mraba, tutazungumza. Lakini likifunga, hakuna mtu atakayelifungua kwa mikono. Na halina muda mrefu."

Swali lile halikuwa la kumpotezea mtaalamu wakati. Katika ukoo wa Mama Raheli ardhi hufuata upande wa mama, naye alikuwa na sehemu yake kule juu, shamba la mteremko alilolipokea kwa mama yake, mkali kiasi kwamba mgeni akisimama ndani yake hutafuta kitu cha kushika. Kila mwaka, kabla ya kupanda maharage, ukoo huo hukutana na kila mwenye sehemu huizunguka mipaka yake kwa miguu yake mwenyewe, ndugu wakitazama. Asiyeweza, sehemu yake hukabidhiwa ndugu mwingine ailime. Hakuna anayesema mtu amenyang'anywa. Lakini wote wanajua kwamba shamba lililokwisha kuzoea jembe jingine hurudi kwa ugomvi au halirudi kabisa.

Melkizedek, kaka yake na msimamizi wa ukoo, alikuwa amekwisha kupiga simu. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha dada yake kuliko ukali.

"Dada, wewe pumzika. Huko kwa mtoto unatunzwa. Shamba lina watu."

"Shamba lina mwenyewe," Mama Raheli alimjibu, akamrudishia Kasian simu yake.

Jioni ya siku ile ya Kilosa, nyumba iliyoko nyuma ya barabara kuu haikuwa na raha. Malori yalipita yakitikisa bati. Devota aliandaa ugali, akamnawisha mama mkwe wake mikono kama kawaida, kisha akakumbuka, akabaki ameshika jagi hewani.

"Mimi siwezi, Baba Ida," alimwambia mumewe. Ida, binti yao, alikuwa shule ya bweni, lakini wazazi wake waliitana kwa jina lake nyumbani humo. "Mama yako abebe ndoo, mimi nimesimama namtazama? Dada yako Debora akitukuta?"

"Debora hajasomea mifupa."

"Hajasomea, lakini ana mdomo. Siku ya harusi yetu alisema nini mbele ya watu? Kwamba siku atakayomwona mama yake ameinua ndoo nyumbani kwangu, ndiyo siku nitakayofungasha virago."

"Alikuwa anatania."

"Umewahi kumwona dada yako akitania?"

Kasian alimega ugali. Ndipo Mama Raheli, ambaye wote wawili walidhani yuko upande wa hospitali, aliposema neno ambalo hawakulitarajia.

"Nilimhudumia mama mkwe wangu mpaka tulipomzika. Nilimbeba mgongoni kumpeleka kuota jua la asubuhi. Nikawa najiambia: haya, Raheli, vumilia, na wewe siku yako itafika ukae uletewe. Imefika. Nimekaa. Hata sijakaa vizuri, mtoto wa Tukuyu ananiambia niinuke nifagie!"

Devota alijitahidi asicheke, akashindwa, na jagi likammwagia maji miguuni. Kasian naye akacheka. Mama Raheli aliwatazama kwa ukali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

Huu ndio ulikuwa ugumu wa nyumba ile: hapakuwa na mwovu wa kulaumiwa. Kila mmoja alikuwa akitimiza wajibu wake, na goti lilikuwa likikauka katikati ya wajibu huo.

"Lakini," alisema mama alipokwisha kufuta macho, "nikiendelea kukaa, Melkizedek atalima mpaka kizingitini mwangu. Kesho nileteeni hicho chuma. Na hiyo karatasi yake iwashieni moto."

Taabu ya kwanza ilikuwa ya nguo. Kifaa kilitakiwa kubana paja, na kitenge cha kujifunga kilinasa kwenye bawaba kila hatua. Kasian alitoa wazo la suruali yake ya kazini. Mama Raheli, mwanachama wa umoja wa akina mama kanisani, alimtazama mpaka akairudisha suruali ndani bila kuambiwa. Devota alichukua mkasi, akafumua mshono wa gauni upande wa kulia hadi juu ya goti, akaupinda na kuutia vifungo. Gauni lilifunguka vizuri, lakini vyuma vikawa vinaonekana na kila mtu.

"Sasa nimekuwa lori," alisema mama akijitazama. "Bado taa tu."

Taabu ya pili ilikuwa ya ngazi. Nyuma ya kibanda cha Kasian kulikuwa na rundo la matairi ya malori yaliyokwisha, ambayo hakuna aliyeyataka. Aliyaviringisha mpaka uani, akayalaza na kuyajaza udongo, akaushindilia kwa kigingi. Kwanza tairi moja, kisha mawili yaliyopandana, kisha rundo refu zaidi, na upande wa pili yakashuka vilevile. Kando alisimamisha nguzo na ubao wa kushikia. Madereva waliosimama kula walivuka barabara kuja kuuliza.

"Fundi, unajenga jukwaa? Unagombea?"

"Najenga Vidunda," alijibu Kasian bila kuinua uso.

Taabu ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa Devota. Hakukusudia ubaya. Lakini mama mkwe wake alipokanyaga tairi la kwanza na mguu ukatetemeka, yeye alikuwa amekwisha fika, mikono yake kwapani mwa mgonjwa. Walipanda na kushuka hivyo asubuhi nzima, na kila siku iliyofuata, na goti halikufanya kazi yoyote. Mama Raheli aliipanda ngazi akiwa amening'inia kwa mkwewe kama koti kwenye msumari.

Siku moja alisimama chini ya ngazi, akajipangusa jasho. "Devota, leta kigoda."

Devota alileta, akakifuta vumbi, akakiweka nyuma ya mama ili akae.

"Si changu. Weka pale ukutani. Kaa wewe."

"Mama?"

"Kaa. Usiinuke mpaka nikuite."

"Mama, nitakaaje mimi na wewe umesimama?"

"Uliahidi kunitii, au uliahidi kunibeba?"

Devota alikaa. Aliikunja mikono yake katikati ya magoti, akaibana. Mama mkwe wake alikanyaga tairi la kwanza, akayumba, akashika ubao, akaguna kwa maumivu. Devota aliinuka nusu. "Kaa!" Akakaa. Alikuwa amelima mpunga mchana wa jua kali, alikuwa amezaa kwa taabu, lakini hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa juu ya kigoda akimtazama mama wa mumewe akiumia. Na kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, alitazama lango.

Wakati wa jioni goti lilivimba, naye aliruhusiwa kulikanda kwa kitambaa cha maji ya baridi. Aliukanda uvimbe huo kwa shukrani, kwa kuwa hapo tu ndipo alipojisikia mkwe tena. Taratibu, bila mtu kuiona siku yenyewe, mguu ulianza kukunjika. Mama Raheli aliacha ndoo ya chumbani. Kisha akaacha karai. Mikanda ya kifaa ilipauka, sponji ikapata jasho na udongo, na kwenye bawaba palikuwa na unyoya wa kuku ambao hakuna aliyejali kuutoa.

Debora alikuja siku ya Jumamosi asubuhi bila kupiga simu. Mumewe alifanya biashara ya vitunguu vya Lumuma, na yeye alishuka kwenye pikipiki na furushi la vitunguu mkononi, tayari ametabasamu kwa ajili ya mama yake. Alisukuma lango.

Alichokiona kilikuwa hiki. Mama yake mzazi, gauni limefumuliwa ubavuni, chuma mguuni, alikuwa juu ya rundo la matairi na ndoo ndogo ya maji kichwani. Na wifi yake alikuwa amekaa kivulini juu ya kigoda, mikono mapajani, akitazama.

Furushi lilianguka.

"Wifi! Umekaa?"

Devota aliinuka. "Karibu, wifi. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mama yangu amevunjika mguu, unamchotesha maji, na wewe umekaa kama jaji wa mahakama? Na haya ni mashindano gani? Mnamfanyisha sarakasi?"

"Wifi, ni daktari wa Kilosa aliye..."

"Daktari gani anayemtesa mama wa watu! Tuliambiwa. Tuliambiwa watu wa bondeni hawana huruma, Kasian akaziba masikio."

Majirani wawili walikuwa wamekwisha kufika langoni. Devota alikuwa na maneno mengi ya kujibu, yote ya kweli. Lakini kumjibu wifi mkubwa kwa sauti mbele ya majirani kungekuwa kumthibitishia maneno yake.

Debora alizivamia ngazi. "Mama, shuka. Nakuchukua leo hii." Akapandisha mikono na kuinyakua ndoo.

Mama Raheli hakutarajia. Uzito ulipomtoka kichwani kwa ghafla, mwili uliyumba upande wa kulia, mguu ukateleza ukingoni mwa tairi, na goti likasukumwa kwenda pembeni. Devota alipiga kelele. Vyuma vililia, mikanda ikakaza. Goti halikwenda pembeni. Lilipinda mbele, kama lilivyofundishwa, likauchukua mwili wote, kisha likanyooka tena. Mama alikuwa amesimama. Debora alikuwa ameloa maji kuanzia kilembani.

"Umeona?" Mama Raheli aliuliza. Pumzi zilimpaa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari njema. "Umeona lilivyonishika?"

"Mama, nisamehe, nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Wote mnataka hicho hicho. Nenda ukakae pale alipokaa mwenzio."

"Nikakae?"

"Kwenye kigoda. Na usiinuke mpaka nikuite. Devota, nijazie ndoo. Hiyo tu ndiyo nakuruhusu."

Debora alikaa, maji yakimchuruzika shingoni. Mama yake alitwikwa ndoo, akarudi chini ya ngazi, akaanza upya. Kwenye tairi la kwanza Debora alishika ukingo wa kigoda. Kwenye la pili, mguu ulipotetemeka, alikuwa wima.

"Kaa!"

Akakaa. Mama alipanda tena, akaguna, na Debora akawa wima tena kabla hajajua.

"Debora! Umekaa kwenye siafu?"

Majirani waliangua kicheko langoni. Debora alikaa kwa mara nyingine, na safari hii alifumba macho. Alipoyafumbua mama yake alikuwa amefika chini upande wa pili na maji yake yote. Binti alimtazama wifi yake aliyesimama kando, akaona namna kucha zake zilivyokuwa zimezama katika viganja.

"Wifi," alimwuliza, na ukali ulikuwa umemtoka, "unawezaje?"

"Siwezi," alisema Devota. "Nakaa tu."

Debora aliokota vitunguu vyake kimoja kimoja. Hakuomba radhi, kwa kuwa hakuzoea. Lakini siku ile alimenya vitunguu hivyo mwenyewe jikoni kwa wifi yake, na kabla ya kuondoka alikaza mkanda mmoja wa kifaa uliokuwa umelegea, akauliza kama unatakiwa kubana zaidi ya hapo.

Waliporudi Kilosa, Lupakisyo alikipokea kifaa moja kwa moja kutoka mguuni. Hapakuwa na kanga wala nailoni. Alipitisha kidole kwenye sponji iliyochakaa, akaivuta mikanda iliyotoka nyuzi, akauchomoa unyoya kwenye bawaba, akauinua juu ili benchi lote liuone.

"Sasa hiki ni kifaa," alisema.

Goti lilifika pembe mraba, likaipita. Mama Raheli aliuma kanga kwa mazoea, kisha akaitoa mdomoni kwa kuwa hakuihitaji. Lupakisyo alipima tena, kama asiyejiamini, akafunga mikanda mwenyewe.

"Mlimani utakivaa, Mama. Hasa kwenye kushuka. Usije ukanivulia kwa sababu ya vumbi."

"Kwa hiyo nitapanda?"

"Panda."

Kisha alimgeukia Devota, na kabla ya kusema alihakikisha kwamba wale wa benchini wanasikia. Alijua maneno ya kwanza yalisemewa wapi, na aliona si haki maneno ya pili yasemewe chemba.

"Mama Ida, siku ile nilikusemea vibaya mbele ya watu. Goti hili hukulilemaza. Umeliponya, na kazi uliyoifanya siyo nyepesi. Naomba unisamehe."

Devota angeweza kusema mengi. "Tumekuletea vitunguu vya Lumuma," alisema. "Wifi yangu ndiye aliyevituma."

Siku ya mipaka, pikipiki zilifika mwisho wa uwezo wao mahali ambapo mvua ilikuwa imeila njia ya Vidunda. Kutoka pale ilikuwa kwa miguu. Kasian alitangulia na mizigo. Mama Raheli alifuata kwa fimbo yake, chuma kikiwa nje ya gauni mchana kweupe, na Devota alikuwa wa mwisho. Alikuwa amefunga mikono yake nyuma ya mgongo kwa ncha ya kitenge, fundo alilolifunga mwenyewe, kwa kuwa hakuiamini.

Walipumzika mara nyingi. Wapita njia wa kijijini waliwaamkia, wakautazama mguu, wakauliza. Mama aliwajibu wote, na kila alipojibu hadithi ilirefuka kidogo. Ukungu ulikuwa umeinuka walipofika. Ndugu walikwisha kukusanyika kwenye kichwa cha shamba, Melkizedek mbele yao, amevaa koti lake la kanisani.

"Dada," alisema, akautazama mguu, akautazama uso, akautazama mguu tena. "Mbona umejisumbua?"

"Nimekuja kutembea, kaka."

Alianza upande wa juu, kwenye migomba. Alifuata ukingo, akishuka kwa ubavu kama alivyoshuka tangu utoto, tofauti ikiwa mlio mdogo wa bawaba katika kila hatua. Kwenye pembe ya chini, ambako mteremko hukatika ghafla na hata wazima huweka mikono chini, alisimama. Melkizedek, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishuka haraka na kumnyooshea mkono.

"Shika hapa, dada yangu. Ni hatua moja tu."

Nyuma yao, fundo la kitenge lilikaza.

"Rudisha mkono, kaka," alisema Mama Raheli. "Ukinishika hapa, utakuwa umezunguka wewe."

Alichomeka fimbo, akalipinda goti, likapinda. Akauachia mwili ushuke juu yake, likaubeba. Akavuka pembe. Akapanda upande wa pili polepole, akipumzika kila alipotaka, mpaka akagusa mgomba ule ule alioanzia. Melkizedek alibaki pale chini kwa kitambo, mkono wake ukiwa bado wazi. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki, akaliokota jembe lake.

"Haya. Lako," alisema. "Maharage nitakuletea mbegu."

Mama Raheli aliifuata njia ndogo mpaka nyumbani kwake. Aliufungua mlango, akautoa utando wa buibui kwa fimbo, akageuka na kukaa kizingitini, goti limekunjika mbele yake kama magoti ya watu wote. Alilitazama bonde. Kule chini kabisa, malori ya barabara kuu yalikuwa madogo kama punje. Devota alisimama mbele yake, mikono bado nyuma, hajui aiweke wapi.

"Devota, mwanangu."

"Abee, Mama."

"Nimefika kwangu. Nina kiu. Niletee maji."

Fundo lilifunguka kabla mama hajamaliza neno, na Devota alikimbilia mtungini kwa jirani.